Deni la Kivuli

Niliwaua nyungunyungu wangu bila kuwagusa.

Nilikuwa nikiwafuga kwenye ndoo ya plastiki yenye matundu, chini ya mwembe, nyuma ya chumba nilichopanga Morogoro. Wekundu, wembamba, wa aina inayokula mabaki ya jikoni: maganda ya ndizi, majani ya chai, mchicha ulionyauka. Mboji yao niliichanganya na udongo mgumu wa bustani ya mama mwenye nyumba, na matembele yake yakaanza kustawi. Ijumaa moja niliisogeza ndoo juani ili nifagie, nikafunga kifuniko, kisha nikakimbilia basi la Dar. Niliporudi Jumapili, harufu ilinipokea kabla sijafika mlangoni. Walikuwa wamejikusanya chini kabisa, fungu moja. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi. Ngozi ikikauka, pumzi imekwisha.

“Ni minyoo tu, mwanangu,” mama alisema. “Utapata wengine.”

Nilitaka kukubali, nikashindwa. Je, waliumia? Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1881 kuhusu nyungunyungu, anaeleza alivyowaweka kwenye vyungu na kuwapigia piano. Hawakushtuka. Ila vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe, mpigo mmoja uliwarudisha shimoni. Kumbe asiyesikia anaweza kuhisi. Lakini hilo halikutosha kueleza fadhaa yangu, maana jembe langu limekata nyungunyungu wengi shambani na sijawahi kukosa usingizi.

Tofauti ni kifuniko. Nyungunyungu wa shambani, jua likimzidi, huchimba chini. Wangu niliwanyima ardhi ya kukimbilia. Anayemfunga mbuzi kamba ndiye wa kumsogezea maji, hata kama mbuzi hajalia. Kwa hiyo wajibu wangu haukusubiri nithibitishe kwamba wana maumivu. Ulianza siku nilipowaondolea uwezo wa kujiokoa, huku nikila matunda ya kazi yao. Mdogo wa mwili, au bubu, hapunguziwi anachodai.

Mama hakukosea: nimepata wengine. Ndoo imerudi chini ya mwembe, na nikitaka kusafiri napita kwanza mlangoni kwake.

“Mama, naomba uniangalizie ndoo.”

Hucheka. Halafu huuliza kama maji anyunyize asubuhi au jioni.