Je, Machozi ya Mwana ni Upungufu wa Subira?

Ndugu mmoja wa darasa yetu, ambaye mamake alishikwa na kiharusi akalazwa hospitali siku ishirini na mbili, alituletea swali ambalo tulichelea kulijibu papo hapo. Alisema kwamba kila alipotoka wodini macho yamemwiva, jamaa zake walimkemea wakimwambia kuwa kulia ni kutoridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu. Akaingiwa na shaka juu ya imani yake mwenyewe, msiba juu ya msiba.

Sisi twaona kwamba waliomkemea wamekosea. Nabii Yaaqub alimhuzunikia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, ilhali ndiye yeye aliyejiagiza subira njema. Na Mtume wetu (s.a.w.), katika mwaka wa 10 wa Hijra, alimpakata mwanawe Ibrahim akikata roho, naye akatokwa na machozi, Abdur-Rahman bin Auf alipostaajabu, aliambiwa kuwa hiyo ni rehema. Lililokatazwa ni kujipiga mashavu na kupasua nguo. Basi huyu anayelia kimya katika ujia wa hospitali ana kosa gani?

Lakini iko namna ya kuikimbia huzuni ambayo haikemewi na mtu, bali husifiwa. Ndugu yetu alikiri mwenyewe kwamba juma la kwanza hakuketi na mamake hata robo saa. Alikwenda mbio baina ya duka la dawa na dirisha la malipo, akapiga simu kwa madaktari huku na huku. Saa ya kuzuru wagonjwa ikifika humpa dadake chupa ya uji, akashika njia. Watu wakasema, huyu ndiye mwana! Kumbe alikuwa akiuogopa mdomo wa mama uliokwenda upande, na ulimi uliomfunza kusema, sasa hauwezi kusema.

Siku ya nane muuguzi alimwita amsaidie kumgeuza mama, kwani asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya muda asije akapata vidonda vya kulalia. Akamshika bega. Mama akamtazama, machozi yakamtoka mama kwanza, kisha mwana. Hakuna aliyesema neno.

Yatupasa kujua jambo hili khasa: mwenye kiharusi huenda akapotewa na usemi na akili yake i timamu, akifahamu yote yasemwayo. Ni wangapi kati yetu tumesimama miguuni pa kitanda tukizungumza gharama, na nani atauza nini, kana kwamba kilicholala pale ni mzigo! Katika Sura Bani Israil, uzee wa wazazi watajwa wakiwa kwetu, mbele yetu; wala hatudhani kuwa stakabadhi ya malipo yaweza kukaa kitini badala ya mwana.

Alituuliza tena: nikilia mbele yake, sitamvunja moyo? Tulimjibu kwamba mayowe humvunja mgonjwa, lakini mama aliyemjua mwanawe tangu tumboni hadanganywi na uso mkavu. Tangu siku ile alikwenda kila jioni, akamfuta mdomo, akamsomea, akamweleza habari za mtaani.

Sasa mama yu nyumbani. Mkono wa kulia ungali mzito, na jina la mwanawe hulitamka nusu.