Safari ya Matembezi na Deni Lililowadia

Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Zamani watu wa Njombe walitoka makwao kwa haja nzito: kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ugonjwa, au maziko ya jamaa. Leo mtumishi wa Igwachanya, mwenye kipato cha kadiri, huchukua mke na watoto wakati wa likizo wakaenda Kitulo kutazama maua, au wakashuka hatta Dar es Salaam kuona bahari.

Safari hiyo si haramu. Qur'ani, sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, imeamrisha watu watembee katika ardhi wazingatie mwanzo wa uumbaji. Na aendaye Dar es Salaam amepita marhala mbili. Ana ruhusa ya kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Aendaye Makambako sokoni hana.

Lakini sikilizeni, enyi wazazi. Imamu Nawawi katika Minhaj, na wenye kuisherehesha, wamebainisha kwamba mwenye deni lililowadia, naye aweza kulipa, ni haramu kwake kusafiri illa kwa idhini ya mdai wake. Basi aliyekopa mbolea, akavuna, akauza, kisha fedha akazifanya nauli, safari yake ni ya maasi. Hata kupunguza sala hakumjuzii.

Na alipe kwanza, au aombe idhini, kisha afunge mizigo. Maua ya Kitulo hurudi kila mvua zirudipo. Haki ya mtu huulizwa Kiyama.

Wallahu aalamu.