WAZO LA LEO: Bahari Iliyomo Mbotela

Mtaa wa Mbotela, Nairobi, ni mbali na bahari, lakini jina lake linanukia chumvi. Ni la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, habari za waliookolewa baharini wakapata makao Freretown, ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa.

Basi ninyi wa Mbotela, chama chenu kikishuka Pwani, pigeni makasia kwenye mkondo ulio kati ya Mji wa Kale na Freretown, ngome ya Fort Jesus ikiwatazama, maji yakichuruzika mikononi hadi kwapani. Atakayetangulia kwa kiburi atachoka wa kwanza. Mwendo wa kundi hupimwa kwa aliye nyuma. Mngojeni, kwani huenda mkamhitaji mbele: maji usiyoyafika hujui wingi wake.