Niko Kwenye Dozi

Katika baa zetu za Dar es Salaam liko neno moja linalomwokoa mtu na ugomvi wa glasi: "Niko kwenye dozi." Ukilitamka, basi, yamekwisha. Mwenye raundi ataguna kidogo, mhudumu ataleta soda, na ubishi wa Simba na Yanga utaendelea pale ulipoachwa. Hakuna anayeuliza dozi ya nini, maana kila mtu ana jibu lake kichwani: ni malaria, ni jino, wiki ijayo atarudi mchezoni. Lakini je, dozi isiyoisha wiki ijayo? Dozi ya miezi sita, ya mwaka, tena ya maradhi yasiyotajwa mezani? Hapo, ndugu msomaji, ndipo lilipo swali langu: mtu anayetumia dawa za sonona akinywa bia aliyonunuliwa na marafiki zake, mwenye kosa ni nani?

Tuanze na yasiyobishaniwa. Pombe, pamoja na kelele zote inazozileta, kazi yake katika ubongo ni kuupoozesha. Mnywaji huchangamka kwanza kwa sababu breki ya ndani imelegea, halafu huzama. Amitriptilini, dawa kongwe ya sonona, nayo huleta usingizi. Viwili hivyo vikikutana, mtu anaweza kusinzia kwenye usukani au kuanguka ngazini, na vikizidi vyote viwili, hata pumzi inaweza kukatika. Fluoksetini haina usingizi wa namna hiyo, lakini hata kwake pombe inabomoa usiku kile ambacho dawa inajenga mchana. Na ujenzi wenyewe ni wa polepole, wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu. Wapo pia wanaoruka kidonge siku ya kunywa, wakidhani hiyo ndiyo busara. Wapi! Nyingi ya dawa hizi hukaa mwilini zaidi ya usiku mmoja, na kuzikatiza ovyo ni kuyafungulia maradhi mlango.

Tena sonona si uvivu wala deko. Mwaka 1952, huko New York, madaktari waliwapa wagonjwa wa kifua kikuu dawa iitwayo iproniazidi, wakashangaa kuona baadhi yao wanachangamka kuliko ilivyotarajiwa. Dawa iliyokusudiwa mapafu ilikuwa imegusa moyo, na kutoka hapo zikazaliwa dawa za kwanza za sonona. Kwa ukoo huo wa dawa, hata bia ya pipa inaweza kupandisha shinikizo la damu kwa hatari. Kwa hiyo tunazungumzia mwili, jamani, mwili kama ule wa mwenye kisukari.

Sasa majibu. La kwanza linasemwa haraka sana: "Mwili ni wake, mdomo ni wake, amejitakia." Jibu hili lina heshima ndani yake, nakubali. Linamchukulia mgonjwa kuwa mtu mzima. Lakini linasahau kwamba sonona haiumizi mguu ikaiacha nia salama. Inaing'ata nia yenyewe. Yule aliyemeza kidonge asubuhi akitaka kupona, na yule anayenyoosha mkono usiku akisema potelea mbali, ni mtu mmoja, naam, lakini wanavutana. Kusema "amechagua" tu ni kumpa ushindi mmoja wao bila kuusikiliza mvutano.

Jibu la pili ni la wenye huruma: tumlinde. Tumnyang'anye glasi, tumwambie mhudumu asimhudumie, au tusimwalike kabisa. Nami nauliza, tukishamlinda hivyo atakwenda wapi? Kikao cha kamati ya harusi kinafanyika baa. Michango ya msiba, mara nyingine, inahesabiwa baa. Hata kazi ya kibarua mtu huisikia baa. Kumwambia mwenye sonona abaki nyumbani kwa usalama wake ni kumkabidhi kwa upweke, na upweke ndio chakula cha maradhi yake. Yaani tumemnusuru na chupa tukamtupa kwenye shimo.

Rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake ni amana kwangu, aliwahi kuniambia neno lililonivuruga kabisa. Nilimwuliza kwa nini anakunywa ilhali daktari amemkataza. Akasema, "Bwana, mimi ile bia siinywi kwa kiu. Nainywa ili nisiulizwe." Mara ya kwanza alisema yuko kwenye dozi, wakamwelewa. Mwezi wa pili wakacheka. Mwezi wa tatu mmoja akanong'ona kwamba dozi isiyoisha tunaijua sote ni ya nini, na mwingine akauliza kama ameanza kwenda Mirembe. Tangu siku hiyo akaona bia mbili ni bei nafuu ya kununua amani.

Basi hapo ndipo nilipo mimi. Hatuwezi kuita uamuzi kuwa huru ikiwa kukataa kunatozwa ushuru na kukubali hakutozwi. Mtu ambaye lazima aanike siri ya nafsi yake ndipo aruhusiwe kunywa maji, huyo amesukumwa. Wala msiniambie meza zetu hazijui kumwacha mtu na yake. Zinajua sana! Mwislamu akisema hanywi anaagiziwa soda. Mlokole vilevile. Mama mjamzito hasumbuliwi hata kwa utani. Kumbe adabu tunayo, ila tunaigawa kwa kuchagua, na mgonjwa wa sonona haumo mgao wake.

Je, ninamvua yeye wajibu? La hasha. Anao, tena mzito. Ana deni la ukweli, lakini deni hilo ni kwa daktari wake, si kwa kamati ya harusi. Daktari anayejua mgonjwa wake anakunywa anaweza kubadili dawa, kupunguza hatari, au kumsaidia kuacha. Na kwa aliyezoea kunywa sana kila siku, kuacha kwa ghafla peke yake nako kuna hatari. Daktari aliyedanganywa anatibu mtu asiyekuwapo. Na daktari naye ana lake: asifoke. Akifoka leo, mwezi ujao ataambiwa uongo.

Sisi wa mezani deni letu ni dogo kiasi cha kuaibisha: kutokuuliza mara ya pili. Hatuombwi kuwa wataalamu wa akili. Tunaombwa tu kuamini kwamba "hapana" ya mtu mzima imekamilika bila maelezo, ya siku saba au ya mwaka mzima. Rafiki yangu hakuwa mwongo. Alikuwa kwenye dozi kweli, na bado yuko. Mwenye raundi akisikia neno hilo, aite maji yaje, aendelee na Simba na Yanga.