Bahari, Urafiki na Furaha

Huenda, ewe msomaji kijana, umepata kujiuliza usiku kabla hujalala: Furaha hupatikana wapi? Wapo wasemao kuwa imo katika mali; wapo wasemao kuwa imo katika cheo; na wapo wasemao kuwa imo katika raha ya mwili. Mimi sitaki kukujibu kwa maneno ya mbali. Nakuomba tushuke pamoja mpaka pwani ya Lamu, tuwatazame watu wakiogelea, kisha tupime kile tulichokiona.

Lamu ni mji wa kisiwani, na jirani zake ni visiwa vya Manda, Pate, Ndau, Kiwayu na vinginevyo. Hata msafiri ajaye kwa ndege hushuka Manda, kisha huvuka kwa chombo mpaka mjini. Maji yakijaa na jua likianza kupoa, watoto hukusanyika gatini, wakaruka mmoja baada ya mwingine, wakazuka wakicheka, wakapanda, wakaruka tena. Katika siku za Maulidi, ambazo kila mwaka huwaleta wageni wengi kisiwani, huwapo mashindano ya kuogelea pamoja na yale ya mashua na ya punda.

Katika mashindano hayo mmoja hutangulia na wengine hufuata. Kama furaha ingalikuwa katika kushinda tu, basi kila mara mtu mmoja angalirudi nyumbani na furaha, na wengine wote wangalirudi na huzuni. Lakini mambo hayawi hivyo. Aliyekuwa wa mwisho husimama ufuoni akitweta, amezungukwa na wenziwe, akisimulia jinsi mkondo ulivyomvuta, na kicheko chake si kidogo kuliko cha mshindi. Hakupata tuzo, walakini amepata kitu.

Kitu hicho ni nini? Yapasa kwanza tutenge raha na furaha. Aogeleaye peke yake katika maji safi hupata raha, wala sina neno la kuilaumu. Lakini raha ni ya mwili, na aghalabu hukauka pamoja na maji yaliyo mwilini. Furaha hubaki baada ya nguo kuvaliwa na mlango kufungwa. Mwanafalsafa wa Uyunani, Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona kwamba furaha si kitu cha kuwekwa sandukuni, bali ni maisha ya kutenda vema. Tena aliugawa urafiki katika namna tatu: ule wa kutafuta faida, ule wa kutafuta pendezo, na ule wa watu wapendanao kwa ajili ya wema wao. Namna mbili za kwanza hufa mara faida au pendezo linapokwisha. Ya tatu hudumu.

Sasa mtazame mtoto anayefundishwa kuelea. Kwa hofu hukaza mwili, hukamata maji kwa vidole, na kadiri anavyoyakamata ndivyo anavyozama. Wahenga walisema kuwa mfa maji haachi kutapatapa. Mwenziwe humwekea mkono chini ya mgongo, akamwambia alegeze shingo na kutazama juu. Kidogo kidogo mwili hutulia, na maji yaliyokuwa adui yakambeba. Kisha ule mkono huondolewa polepole, pasipo mwenyewe kujua. Mwalimu mwema hafurahi kwa sababu mwanafunzi anamhitaji. Hufurahi siku anapoona hamhitaji tena. Huo ndio urafiki wa namna ya tatu.

Furaha nayo ina tabia ya maji. Aikamatae kwa pupa huishia na mkono mtupu. Ajishughulishaye na jambo jema pamoja na wenziwe huja akagundua, bila kutazamia, kwamba ameanza kuelea.

Lakini bahari haina mchezo tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu kiasi cha 300,000 walikufa maji ulimwenguni. Katika pwani yetu hii hii, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Wengi wakaao pwani huyaona maji kila siku lakini hawajui kuogelea. Ndiyo maana kijijini Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje ukawafundisha wasichana kuogelea, wamevaa mavazi ya kuwasitiri, na baadhi yao wakawa waalimu wa wenzao. Mchezo uliopata kusudi la namna hii haupungukiwi na utamu. Msichana aliyejifunza kwa ajili yake mwenyewe ana ujuzi. Yule aliyejifunza akamfundisha mwingine ana ujuzi, na rafiki, na sababu ya kurudi kesho.

Hapa pana swali gumu, nami sitaki ulikwepe. Rafiki yako anazama mbele ya macho yako. Je, ujitupe majini? Moyo husema ndiyo, tena upesi. Lakini anayezama humshika kwa nguvu zote yeyote amfikiaye, akamshindilia chini, na mara nyingi huzikwa wawili mahali pa mmoja. Maarifa husema: piga ukelele wa msaada, mtupie kamba, mnyoshee upondo, mrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko, waite wenye chombo. Je, huo ni woga? Hasha! Kusudi la urafiki ni mwenzio aokoke, si wewe usifiwe. Upendo ukikosa maarifa huweza kuua, na maarifa yakikosa upendo hutazama tu kutoka ufuoni. Vyote viwili vyahitajika, na vyote viwili hufunzwa kabla ya siku ya hatari.

Swali hilo lina ndugu yake, ambalo kijana hukutana nalo mara nyingi zaidi. Pepo za kusi zinavuma, mawimbi yamechafuka, na mwenzio anasema, “Ruka, au wewe mwoga?” Huyu nawe mmecheka pamoja siku nyingi. Je, ni rafiki? Mpime kwa kipimo kile cha mkono chini ya mgongo: anakusaidia uelee, au anataka watu wacheke? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Akutiaye dhikini kwa mchezo hajafika daraja hiyo. Kumkatalia kwahitaji ushujaa mkubwa kuliko kuruka.

Yamkini wewe wakaa Machakos au Dodoma, wala hujaonja maji ya chumvi. Hata hivyo jambo ni moja. Katika darasa yupo mwenzio anayezama katika hesabu, na katika mtaa yupo jirani aliyeelemewa na upweke. Usiseme, “Nikishapata furaha yangu nitawasaidia.” Ukisema hivyo utangoja sana. Jifunze kwanza kazi yako vema, ili mkono wako uwe na nguvu. Kisha uweke chini ya mgongo wa mwingine. Kisha uuondoe kwa wakati wake, bila kudai shukrani.

Siku moja utaulizwa tena swali lile la kwanza, furaha hupatikana wapi. Nadhani utachelewa kujibu, kwa sababu utakuwa na kazi mkononi na marafiki wakikungoja gatini.