Macho Hayana Pazia

Wahenga walipotuambia kwamba macho hayana pazia, walikuwa wakitupa ruhusa au wakitupa onyo? Kwa miaka mingi niliishika methali hii kama ruhusa. Nilidhani maana yake ni kuwa kilicho mbele ya jicho ni halali ya jicho, na kwamba mtunzi wa mashairi, ambaye kazi yake ni kutazama, ana halali hiyo maradufu. Asubuhi moja ya kipupwe, nikiwa na mke wangu katika Mji Mkongwe wa Unguja, niliingiwa na shaka.

Tulikwenda kujifunza kupiga picha. Watoto wamekua na kuhama, nasi tumebaki wawili nyumbani. Mke wangu akaona tujifunze jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua kabla ya mwenziwe. Kijana mmoja, fundi wa kazi hiyo, alitukusanya Forodhani mapema, jua likiwa bado halijapanda, akatupa kamera moja sisi wawili. Mwanga wa saa hiyo, alisema, huja kwa ubavuni na kuinua kila nakshi ya mlango; wa adhuhuri huanguka utosini.

Alitufunza mambo matatu. La kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hesabu yake huenda kinyume: f/2 ni tundu pana, f/16 ni tundu jembamba. Tundu pana hukifanya kitu kimoja kiwe wazi na vya nyuma yake vififie. Jembamba huvionesha vya karibu na vya mbali pamoja. La pili ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga hafifu. La tatu ni pazia. Ndani ya kamera ya aina tuliyoishika mna pazia dogo ambalo kawaida yake ni kufungwa. Ukibonyeza, hufunguka kwa 1/250 ya sekunde, kisha likafunga. Nilicheka peke yangu: kumbe chombo kina stara ambayo jicho halina.

Tulipofika Mizingani, mke wangu alisimama kwenye ukingo wa bahari akiyatazama majahazi. Zamu ya kamera ilikuwa yangu. Uso wake ulikuwa na huzuni niijuayo: ni ya mtoto wetu wa pili, tuliyemzika angali mchanga. Nikabonyeza. Kijana alipoitazama picha ile alisema ndiyo bora ya siku nzima. Mke wangu naye akaitazama, kwa muda mrefu.

“Bwana,” akasema, “mimi ni mke wako. Lakini uso huu niliuelekeza baharini, sikuuelekeza kwako. Ifute.” Nikaifuta. Tukaenda hatua chache, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: “Na lile shairi pia hukuniuliza.”

Shairi lenyewe nililitunga mwaka uliofuata msiba. Lilichapishwa, likasomwa mbele ya watu, nikapongezwa. Sikuwahi kufikiri kwamba machozi niliyoyatia vina na mizani yalikuwa na mwenyewe.

Msomaji ataniuliza: je, tukimbishia hodi kila mtu, sanaa haitakufa? Anayejua kuwa anapigwa picha hujiweka sawa, hukaza shingo, na ule ukweli ukatoweka. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini nadhani inachanganya mambo mawili: kutazama na kuonesha. Kutazama hakuna awezaye kukuzuia, kwani macho hayana pazia. Kuonesha kuna mlango, na mlango una mwenyewe. Mtu anaweza kuona kwanza, kisha akauliza kabla hajakitoa alichokiona mbele za watu.

Katika kazi yangu ya tafsiri nimegundua kwamba Waingereza “huichukua” picha, nasi “tunaipiga”. Vitendo vyote viwili havina upole. Lakini lugha yetu ina neema moja: kitenzi hichohicho ndicho tupigiacho hodi. Na adabu ya pwani tunaijua sote. Hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka bila ya kinyongo.

Basi sasa naisoma methali kama onyo. Kwa kuwa macho hayana pazia, pazia na liwe katika mkono na katika ulimi. Na ndoa hailiondoi. Pengine inalihitaji zaidi, kwa sababu anayelala ubavuni mwako ndiye ambaye huwezi kujificha naye.

Picha niliifuta kwa kidole. Shairi halifutiki, limo katika madaftari ya watu. Usiku ule nilimsomea mke wangu kwa mara ya kwanza, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema: “Ubeti wa tatu si kweli. Siku ile mvua haikunyesha.” Akainuka kwenda kulala.

Nimekwishapiga hodi moja. Zimebaki mbili.