Amri ya Simu na Dhamiri ya Mwanafunzi

Katika soko la Kiwira, kando ya barabara iendayo Tukuyu, mama auzaye ndizi hupokea malipo kwa simu, na pengine mwanawe ndiye amsomeaye ujumbe. Shule ifunguliwapo, mwana huyo huyo akikutwa na simu bwenini huwa mkosaji. Kilichokuwa msaada nyumbani kimekuwa hatia shuleni, na mara nyingi haelezwi sababu.

Hatusemi kwamba shule zakosea kukataza simu. Simu huiba usingizi na saa za kusoma, tena humwonyesha mtoto mambo ambayo hata mtu mzima yampasa kuyakimbia. Tunaloliuliza ni jingine: je, ni haki kumtungia kijana sheria pasipo kumsikiliza?

Mwezi Oktoba 2019, wilayani Chunya, katika mkoa huo huo wa Mbeya, Mkuu wa Mkoa wa wakati ule aliwachapa viboko wanafunzi 14 wa sekondari, katika shauri la simu na mabweni yaliyochomwa moto. Wako waliosifu, wako waliolaumu. Kuchoma bweni ni uovu usio na utetezi. Lakini fimbo yaweza kumtia mtu hofu. Haiwezi kumpa dhamiri. Sheria ilindwayo kwa hofu hudumu maadamu mlinzi yupo. Akigeuka, simu hurudi chini ya godoro, na uongo pamoja nayo. Uongo huo ndio hasara iliyo kubwa kuliko simu yenyewe.

Wazee wa Rungwe walilijua jambo hili. Zamani Wanyakyusa waliwaacha wavulana wajenge vijiji vyao wenyewe, rika kwa rika. Walikula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, lakini walizoea kuishi pamoja kwa utaratibu, hata ikafika siku wazee wakawakabidhi utawala wa nchi. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yahusuyo ustawi wake.

Huenda mtu akasema, “Watadai simu darasani!” Wakidai, mwalimu na awakatalie, na awape sababu. Kusikiliza si kuachia usukani. Wanafunzi na waulizwe katika baraza la shule: atokaye mbali aikabidhi kwa nani simu ya safari? Augulapo usiku, wazazi wake wapashwe habari kwa njia gani? Mkosaji astahili adhabu ipi? Aliyeshiriki kujibu maswali hayo hataweza kusema kwamba sheria ni ya wengine.

Nanyi wazazi, likizo ijayo mwulizeni mwanenu angetunga amri gani ya simu nyumbani kwenu. Ikiwa ni njema, itiini pamoja naye, mkianza ninyi wenyewe.